Ukimya wa Balozi

Wiki jana tulimwacha Balozi mkono ukiwa kwenye kitasa, akisikiliza kicheko upande wa pili wa mlango.

Walikuwa wanacheka watu watatu. Wawili aliwajua mara moja: Waziri, na Mjumbe wa nchi jirani. Sauti ya tatu ndiyo iliyomkausha mate. Alisukuma mlango.

"Mama," akasema yule wa tatu, na glasi ya juisi ikabaki njiani kuelekea mdomoni.

Alikuwa mkwe wake. Mume wa binti yake wa pekee, mwanasheria wa wizara, mtu aliyekula mezani kwake Jumapili iliyopita akaongeza na sahani ya pili.

Kama ndiyo kwanza unaingia, nikuwekee mambo sawa haraka, maana Balozi hatasimama mlangoni kutusubiri.

Huyu mama alianza kazi wizara ya mambo ya nje akiwa msichana wa kupanga bendera ndogo mezani. Akajifunza nani akae kulia kwa nani, na nani asisalimiwe mbele ya nani. Akapelekwa ng'ambo kuwa karani ubalozini, akarudi, akapelekwa tena, mwishowe akawa balozi, na kila mji aliotoka aliacha jina safi. Kwenye kazi ile hilo si jambo dogo. Alipostaafu, Waziri alimfuata mpaka sebuleni kwake, akamvisha kilemba cha ukoka: nchi inakuhitaji, dada yangu, njoo uwe mshauri wangu. Kumbe alichohitaji ni lile jina safi, apate kitu cha kufutia mikono.

Zamani, Balozi alipokuwa akisimamia mazungumzo ya daraja la mpakani, mwanamke mmoja alilivuka daraja hilo mbio, miguu peku, wanajeshi wa nchi yake wakiwa nyuma yake. Alikuwa mwalimu wa shule. Kosa lake ni kuwaambia wanafunzi wake mahali walipozikwa baba zao. Balozi alivua viatu vyake mwenyewe akamvalisha, akatamka mbele ya pande zote mbili: "Ukishavuka hapa, hakuna atakayekurudisha." Neno hilo likaingizwa kwenye mkataba wa daraja, na aliyeusaini mkataba kwa upande huu ni yeye. Tangu siku hiyo Mwalimu anaishi chumba cha nyuma, nyumbani kwa Balozi. Hatoki nje ya geti bila Balozi.

Sasa jirani anamtaka Mwalimu wake. Akipewa, anafungua daraja malori yapite. Waziri anayataka malori kama mtoto anavyotaka peremende.

Mkataba haubadilishwi bila ridhaa ya aliyeusaini, maadamu bado yumo kazini. Lakini wanadiplomasia wana njia yao ya kuipata ridhaa. Wanaiita utaratibu wa ukimya. Rasimu inazungushwa kwa wahusika, inatajwa saa, na asiyepinga mwenyewe kikaoni mpaka saa hiyo ifike, amekubali. Hakuna kuulizwa, hakuna kura. Ukinyamaza, umesaini.

Asubuhi ile rasimu iliwekwa juu ya meza ya Balozi mara tu baada ya yeye kutumwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni. Mgeni hakuwapo. Hata ndege haikuwapo. Katibu muhtasi wake alipompigia simu kumweleza, Balozi alikuwa bado amesimama pale na shada la maua. Saa iliyotajwa kwenye rasimu ilikuwa sita mchana.

Alirudi mbio. Shada lilikuwa bado mkononi alipoingia.

Chumba kilinuka kuku na manukato. Mezani sahani zilijaa mifupa iliyotafunwa ikang'aa, na moja ya zile bendera ndogo za mezani, bendera ya nchi yake mwenyewe, ilikuwa imelala kwenye mchuzi. Mtu alikuwa ameitumia kufutia vidole. Balozi aliitazama.

"Dada yangu!" Waziri akasema. Alikuwa amevua koti, na kijiti cha meno kilikuwa kinatembea kutoka pembe moja ya mdomo kwenda nyingine. Wizarani wanamwita Mafuta, kwa sababu hakuna kitu kinachomshika. "Tulikuwa tunakutaja sasa hivi. Mgeni amefika salama?"

"Hakuna mgeni. Na wewe unajua."

"Basi ameahirisha. Wageni ndivyo walivyo. Na maua umeniletea mimi?"

"Nimekuja kupinga rasimu."

Waziri aliinua mkono, akaangalia saa yake ya dhahabu, kisha akamgeuzia Mjumbe naye aione.

"Saa saba hii. Tulikungoja mpaka muda ukaisha, dada. Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu ulinipeleka uwanja wa ndege."

"Utaratibu hausemi mtu anyamazie wapi."

Mjumbe akacheka, na punje ya chakula ikaruka ikatua kwenye mkono wa shati lake. Hakuifuta. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na vidole vyake vilikuwa bado vinachambua paja la kuku.

"Mama Balozi, usichukie," akasema. "Mwalimu ni raia wetu, tutamtunza. Chumba chake kimeshaandaliwa."

"Kina dirisha?"

Mjumbe akatafuna, akameza.

"Hilo tutaliangalia."

Waziri alicheka mpaka akakohoa. Mimi nimeandika hadithi nyingi, msomaji wangu, na majambazi nimewaandika wa kila aina. Jambazi wa barabarani angalau anajua kwamba anaiba. Hawa walikuwa wanauza roho ya mtu huku wakigombea paja la mwisho, na baadaye wangepigwa picha wakishikana mikono. Inatia kinyaa, na sitalipamba.

Balozi akamgeukia mkwe wake.

"Na wewe, baba?"

"Mama, mimi ni mtumishi tu. Nimeandika nilichoagizwa."

"Umeahidiwa nini?"

Mwanasheria akaiweka glasi chini, akaichukua tena.

"Si siri," Waziri akasema kwa niaba yake. "Anakwenda ng'ambo kuwa balozi mdogo. Nyumba, gari, shule nzuri ya mjukuu wako. Ulitaka binti yako azeekee hapa, akufulie wewe nguo?"

"Jumapili ulikuwa unajua?" Balozi akamuuliza mkwe wake. Hakuwa amemsikia Waziri, au hakutaka kumsikia.

Mwanasheria akaizungusha glasi mkononi.

"Mwalimu ndiye aliyekupakulia. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

Balozi alishindwa kuutazama ule uso. Aliangalia pembeni, akaangalia pazia, akaangalia juu ukutani, mahali popote pasipo na mtu. Na huko juu ukutani ndiko alikokiona kitu walichokisahau wote watatu.

Saa ya ukutani ilikuwa inasoma sita kasorobo.

"Afisa Itifaki," akaita bila kugeuza shingo.

"Naam, Balozi." Pale kwenye birika la chai alikuwa amesimama mtu mrefu, mwenye uso mkavu wa watu waliozoea kuona na kutosema.

"Saa hii ina nini?"

"Haina betri, Balozi."

"Nani kaitoa?"

"Mimi. Kwa agizo la kikao."

Kijiti kikasimama katikati ya mdomo wa Waziri.

Tulia nikueleze, maana nje ya kazi yao hakuna anayefanya kituko kama hiki. Wanadiplomasia wakiona muda wa kikao unakwisha na bado wanavutana, hawaongezi muda, maana kuongeza muda ni kukiri kwamba wameshindwa. Wanasimamisha saa. Betri inatolewa, mshale unaganda, na mpaka betri irudi, kwa sheria zao muda haujaenda popote. Watu wazima wenye shahada wanakaa chini ya saa iliyokufa, giza linaweza hata kuingia, nao wanaandika kwamba bado ni mchana.

Asubuhi ile Mjumbe alikuwa ameng'ang'ania kituo cha forodha kijengwe upande wao wa daraja. Saa sita ilipokaribia akaomba saa isimamishwe. Waziri akakubali. Wakavutana, Mjumbe akapata forodha yake, wakapongezana, kuku akaletwa. Betri ikasahauliwa kwenye kisahani cha sukari, na bado ilikuwa pale.

"Basi sita haijafika," Balozi akasema.

"Acha utoto," Waziri akasema. Sauti ya 'dada yangu' ilikuwa imeshapotea. "Kila mtu humu ana saa mkononi. Ni saa saba."

"Sawa. Ni saa saba." Balozi akavuta kiti, akaketi mbele ya Mjumbe, akasogeza ile mifupa pembeni kwa shada la maua. "Kama ni saa saba, Mheshimiwa Mjumbe, basi forodha umepewa baada ya kikao kwisha. Umepewa na watu waliokuwa wanakula tu. Nitaandika hivyo jioni hii, na kwenu watasoma."

Mjumbe aliacha kutafuna.

"Usimsikilize," Waziri akasema.

"Subiri kidogo," Mjumbe akasema.

"Nimesema usimsikilize. Huyu mama ana njia zake."

"Mheshimiwa, mimi nimeshapiga simu kwetu. Nimeshawaambia forodha ni yetu." Jasho lilikuwa linamtoka Mjumbe kwenye mikunjo ya shingo. "Unajua wanavyowafanya wajumbe wanaorudi mikono mitupu? Siwezi kurudi bila forodha." Akafuta midomo, akaitazama ile saa kwa chuki. "Saa ya ukumbini ndiyo saa," akasema taratibu.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema ni sita kasorobo."

Waziri alifungua mdomo. Balozi hakumpa nafasi ya kusema.

"Mwanasheria," akasema, na safari hii hakumwita baba. "Saa rasmi ya kikao ni ipi?"

Mkwe wake alimtazama Waziri. Akamtazama Mjumbe. Akavitazama viatu vyake, viatu vipya, vya kwendea ng'ambo.

"Ya ukutani, Mama. Samahani. Ya ukutani, Balozi."

"Basi andika kwamba aliyesaini mkataba wa daraja ameuvunja ukimya kabla ya sita mchana. Napinga."

Mwanasheria akaandika. Kalamu ilimponyoka mara mbili.

Ningependa kukuachia nafasi ushangilie kidogo. Usishangilie.

Balozi alikuwa ameketi meza moja na waongo miaka mingi, na katika kazi ile alijifunza kumwangalia sana mtu aliyeshindwa. Aliyeshindwa kweli hupiga kelele, hupiga meza, husema atampigia mkubwa simu. Waziri hakufanya hata moja. Alikuwa ameshatulia. Alichukua koti, akaanza kulivaa mkono mmoja mmoja, na kijiti kikaanza tena kutembea.

"Mbona hukasiriki?" Balozi akamuuliza.

"Nikasirikie nini? Umepinga, imeandikwa. Mkataba unabaki ulivyo. Serikali hii haimrudishi mtu." Akafunga kifungo. "Lakini mtu akichoka ugenini, dada yangu, akaamua kurudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, serikali imekosa nini?"

"Mwalimu hatoki nje ya geti langu bila mimi."

"Najua. Hilo lilitusumbua sana."

Mjumbe akainama akawa anachunguza kucha zake. Afisa Itifaki akaangalia dirishani. Balozi akawatazama mmoja mmoja, akaishia kwa mkwe wake, na huko akaona kwa nini kalamu ilikuwa inamponyoka.

"Sema," akamwambia.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa."

Ni kweli alikuwa amekaa. Mwanasheria akapangusa uso kwa kiganja.

"Ametoka asubuhi, ulipokwenda uwanja wa ndege. Aliambiwa leo daraja linafunguliwa kwa sherehe, na wewe uko huko unamsubiri. Kwamba umetaka asimame karibu yako."

"Hawezi kuliamini hilo. Nilimwambia asimwamini mtu yeyote atakayekuja na jina langu."

"Hakuambiwa na mtu baki, Mama."

"Nani kamwambia?"

"Mke wangu."

Balozi alilipokea neno hilo bila kutikisika. Mambo yalikuwa ndani. Binti yake. Yule aliyemzaa ugenini, peke yake, wakati mumewe yuko safarini. Yule aliyefundishwa kusoma na Mwalimu mwenyewe, kwenye kile chumba cha nyuma, kabla hajaanza shule.

"Anajua anampeleka kwa nani?"

"Anajua anampeleka darajani. Mengine hajauliza."

"Hajauliza," Balozi akarudia.

"Nilimwambia ni mambo ya kazi. Akanyamaza."

"Familia ni kitu kizuri sana," Waziri akasema, akichungulia mfupa mmoja kwenye sahani kama bado una nyama. "Wanasaidiana."

Balozi akatoa simu kwenye mkoba. Hakuna aliyemzuia, na hilo lilimtisha kuliko kama wangemnyang'anya. Mwanasheria akainamia sikio lake, akazungumza haraka haraka.

"Mama, nisikilize kabla hujapiga. Kuna gari linawafuata nyuma. Ni watu wa Mjumbe. Wameambiwa wasiguse mtu, Mwalimu avuke mwenyewe, akitabasamu. Lakini akishtuka, akikataa, watamchukua kwa nguvu. Na mke wangu ndiye yuko kwenye usukani. Hawataacha hai mtu aliyeona."

"Nani aliyekubali hilo?"

Mwanasheria akainamisha kichwa.

"Nilidhani utanyamaza mpaka mwisho. Kila kitu kilipangwa hivyo."

"Toka karibu yangu," Balozi akasema.

Akapiga. Simu ikaita, ikapokewa. Ilikuwa kwenye spika ya gari. Upepo ulisikika, na injini, na kabla binti yake hajasema neno, ikaingia sauti nyingine iliyojaa furaha.

"Ni Balozi huyo? Balozi, tunakaribia. Naliona daraja kabisa. Sikujua kama ningeliona tena bila kuogopa."

Balozi aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Nimevaa viatu vyako," Mwalimu akasema. "Vile vile vya siku ile. Nilivitunza. Vinanibana siku hizi, lakini nimesema leo lazima nivivae."

"Mama," binti yake akadakia. Sauti ilikuwa tamu, ile ya mtu anayeongea mbele ya mgeni, lakini mama anamjua mwanawe. Chini ya utamu ule ilikuwa inatetemeka. "Mama, tuko sawa. Wewe usiseme kitu. Tafadhali. Tunafika sasa hivi, yanakwisha, halafu nitakueleza nyumbani. Nyamaza tu, Mama."

Waziri alikuwa amesimama karibu na mlango, koti limefungwa vizuri, anamtazama Balozi kwa subira. Mwanasheria alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesali, midomo yake inasema bila sauti: mke wangu, Mama, mke wangu. Yule Afisa Itifaki, sijui aliona aibu au alitaka tu kujipa kazi, alikuwa amepanda juu ya kiti na kuirudisha betri. Saa ya ukutani ikaanza kutembea.

Balozi aliisikia. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

Angeweza kunyamaza. Binti yake angerudi nyumbani salama, wangekula chakula cha jioni, na hakuna mtu duniani ambaye angethibitisha kwamba alikuwa ameambiwa. Kazi yake yote ilikuwa imemfundisha namna ya kunyamaza kwa heshima.

"Mwalimu," akasema.

"Naam, Balozi."

"Siko darajani. Vua viatu, ukimbie."

Upande wa pili palikuwa na upepo tu. Kisha binti yake akasema neno moja, "Mama," bila utamu wowote, breki zikalia, na mlango wa gari ukasikika ukifunguka. Kwenye simu hakuna namna ya kujua kama umefunguliwa kutoka ndani au kutoka nje.